Chakula cha Amoni

Nawaandikia akina mama wenye vijana wasiojua kunyamaza. Wangu alikuwa Amoni.

Vyama vingi vilikuwa bado vipya, watu tunaambiwa semeni. Amoni akasimama mkutanoni kwetu Suma, akauliza ghala la ushirika kauziwa nani. Kesho yake Landrova ya polisi ikamchukua shambani, kikapu cha majani ya chai kiko mgongoni.

Nikamfuata mjini. Mkubwa wa kituo akasema hawana mtu wa jina hilo. Natoka nalia, askari wa getini akanisalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, mama," nikamwona mtoto wa nyumbani. Akaninong'oneza kwamba Amoni yumo, ila ni siri. Nilete chakula, nisipige kelele, nikipiga watamhamisha.

Nikanyamaza. Asubuhi napeleka ndizi na maharage, jioni sufuria inarudi tupu. Jirani yangu Tusekile akasema twende na mchungaji na wanawake wa kanisa, tukae pale mpaka tumwone. Nikamjibu vibaya, kwamba wa kwake hajakamatwa. Mimi niliona mtu anayekula yu hai.

Ndipo upepo ukaangusha migomba, nikapika magimbi. Nilipika kwa wasiwasi, maana Amoni hali magimbi tangu mdogo, yakimgusa tu koo linavimba. Nikasema labda njaa itamlazimisha. Jioni sufuria ikarudi imerambwa.

Kisha nikaingia hadi kwa mkubwa. Akarudia yaleyale, mtu huyo hajawahi kufika.

"Basi, baba," nikamwambia, "chakula changu mmekula kwa jina la nani?"

Akaangalia dirishani. Akasema mama umechoka, nenda nyumbani.

Baadaye Lukasi, aliyefungwa mle kwa wizi, alipoachiwa akatuambia. Amoni walimpiga siku za mwanzo, akawa ananiita mpaka sauti ikakauka. Wakamtoa amefunikwa turubai. Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama getini, nimenyamaza kama nilivyoagizwa.

Wazee wanataka tuweke msiba, watu walie, wale, waondoke. Nimekataa. Tukishalia, serikali itasema yamekwisha. Kila akija kiongozi kutoka Mbeya nasimama kumwuliza mwanangu walimzika wapi, na kila mara nakalishwa.

Ninyi wa kwenu akichukuliwa, pigeni kelele siku hiyohiyo, wakati bado anaweza kuwasikia.