Kamba ya Eulogia

Siku ya kusokota, wanawake wa Wayllapampa hukaa kwenye ukuta wa kanisa, upande unaopata jua, miguu wameinyoosha, kila mmoja na tita lake la nyasi za koya ubavuni na ndoo ya maji karibu. Nyasi huwa zimeshapondwa kwa mawe tangu jana yake, zimelainika. Unachukua fungu dogo, unalisokota baina ya viganja, unaunga jingine kabla la kwanza halijaisha, na kamba inateremka magotini na kujikunja chini. Mwaka ule Eulogia alikuja na ndoo peke yake. Alikaa mahali pake pa kila mwaka, kati ya Felícitas na mke wa mwenyekiti, akanyoosha miguu kama wenzake na kuiweka mikono mapajani, maana hakuwa na cha kusokota.

Sababu ilijulikana. Mume wake, Gregorio, alifukiwa na udongo machimboni wakati wa mvua, na matanga hayajapoa, mdogo wake Gregorio, Fidencio, akaupiga moto mlima wa nyasi wa nyumba ile. Alisema anataka majani machanga kwa ajili ya alpaka wake, wale wanyama wetu wa manyoya. Majani machanga yaliota kweli, mafupi kama ndevu za kijana, na nyasi fupi hazisokoteki. Kuazima kwa jirani hakukubaliki kwetu. Kamba ya nyumba hutoka katika nyasi za nyumba.

Daraja letu ni la nyasi tupu. Kila Juni tunalikata la zamani, linaanguka mtoni na kwenda zake, kisha tunatundika jipya juu ya korongo la Apurímac, na imekuwa hivyo tangu enzi za Wainka. Wageni walipokuja kututangazia kuwa daraja hilo ni moja ya maajabu ya dunia tulifurahi, tukawapa pombe ya mahindi wakalewa. Walibandika bamba la shaba kwenye mwamba. Alpaka hujikuna hapo hadi leo.

Ila wageni hawakuulizia sheria zake, nazo ni mbili. Ya kwanza, kila nyumba ilete pima arobaini za kamba, na nyumba isiyoleta si nyumba tena, shamba lake hupewa aliyeleta. Ya pili, mwanamke hakanyagi korongoni wakati daraja linajengwa. Ukiuliza kwa nini utaambiwa mto una wivu, na aliyekwambia ataangalia pembeni. Kwa hiyo wanawake husokota, wanaume hubeba, na kamba ni ya nyumba ya yule aliyeitua mbele ya fundi mkuu.

Eulogia hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na Nayda, msichana wa miaka kumi na minne, na shamba moja la viazi ng'ambo ya nyumba yao. Shamba likienda, Nayda naye ataondoka. Mama yake wa ubatizo alikuwa na hoteli ya chakula huko Cusco na alishaleta maneno. Alitaka msichana wa kuosha vyombo. Kula ni kwake, kulala ni kwake, na habari za shule wataona. Sote tulijua hilo "wataona" lina maana gani, na Eulogia alijua kuliko sote, kwa kuwa naye aliwahi kuonewa hivyo hivyo alipokuwa mdogo.

Basi alikaa pale ukutani, na mikono iliyozoea kazi haiwezi kutulia. Ilishika ncha ya msuko wake na kuanza kusokota. Akavuta kidogo, nywele zikaja. Akavuta tena, zikaja tena, zikiteleza kutoka kichwani taratibu, nyeusi, na mstari mmoja wa mvi ulioota wiki ya mazishi.

Felícitas, jirani yake na rafiki yake tangu wakiwa wanafukuza ndege mashambani, aligeuza shingo.

"Zinakuja?"

"Zinakuja."

"Zilowanishe basi, zisikuumize."

Eulogia akachovya vidole kwenye ndoo akaendelea. Nayda aliitwa akaja na kitana, akakaa nyuma ya mama yake kuzichana zisifungane. Mchana walikula viazi na mahindi ya kuchemsha, Felícitas akawamegea paja la simbilisi. Mke wa mwenyekiti alilalamika kwamba nywele zinaingia kwenye chakula chake, akasogea. Jua lilipofika kwenye mnara wa kanisa, pima arobaini zilikuwa zimetimia, nyembamba, ngumu, zinang'aa. Nayda akaikata kamba kwa kisu cha jikoni.

Eulogia alijishika kichwa. "Bado ninaisikia," alisema.

Nayda akaikunja polepole na kuiweka juu ya blanketi badala ya kuitupa chini.

Fidencio alikuja kabla baridi haijashuka. Alivua kofia, akasifu kazi, akasema mtu angemwambia asingeamini, ingawa usoni alikuwa ameshaamini zamani. Alikuja kubeba, akasema, kwani nani mwingine wa kumbebea shemeji yake?

"Utasema ni ya nani?" Eulogia aliuliza.

"Nitasema ni ya nyumba ya Gregorio, shemeji. Niseme nini kingine?"

Eulogia akampa. Ni kosa ambalo kila mwanamke wa kwetu angelifanya, na bado ninakasirika nikilikumbuka. Felícitas hakuwa na mume kijijini mwaka huo, mwenyekiti habebi ya mtu, na Eulogia mwenyewe mguu wake hauruhusiwi kufika. Tena Fidencio hakusema uongo. Alishuka korongoni, akaitua kamba mbele ya Mzee Arístides, fundi mkuu wa daraja, akasema ni ya nyumba ya Gregorio. Kisha akaongeza kwamba nyumba ya Gregorio sasa ni yeye.

Mzee Arístides aliikanyaga kamba, akaivuta, akaiuma kwa meno mawili aliyobakiza. Alisema inafaa, haitaki hata maji. Wanaume wote waliutambua ule mstari wa mvi, maana walikuwa wameuona kanisani kila Jumapili. Ila jua lilikuwa linakwenda na pombe ilikuwa inawangoja ng'ambo, kwa hiyo waliisuka pamoja na nyingine katika kamba nene za sakafu, pale katikati ambapo daraja hulegea.

Mkutano wa kijiji ulifanyika Jumapili iliyofuata. Eulogia alisimama na kitambaa kichwani akadai shamba lake. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, ni mtu mpole.

"Mama Eulogia, nani alikuona ukiitua?"

"Mimi sishuki korongoni. Sheria mnaijua."

"Naijua. Ndiyo maana nauliza."

"Nywele ni zangu! Hata mbwa wangu anajua ni zake," Felícitas alidakia, akichanganya ya kwake na ya mwenzake kwa hasira.

"Mbwa wako naye hakushuka," mwenyekiti alisema, na watu wakacheka kidogo, wakafunga mkutano.

Siku ya kufungua daraja wageni walicheza juu yake na kupiga picha, na Eulogia akaanguka mlangoni kwake. Kila unyayo uliokanyaga kule ulimvuta kichwani. Nayda alimlaza, akamfunga paji la uso kwa majani ya koka. Kufikia jioni alikuwa ameshaanza kuwatofautisha: wenye viatu vya milimani, wenye katambuga, mbuzi. Aliumwa sana. Mganga wa zahanati alimpa vidonge na kumshauri asikae karibu na daraja, ilhali nyumba yake ilikuwa mwendo wa saa mbili kutoka darajani.

Watu wakazoea upesi. Wake za watu walipita kwake wakitoka kisimani na kumuuliza kama waume zao wameshavuka. "Kavuka, anayumba," alijibu, nao wakaenda kuficha fedha. Mwalimu alimtuma mtu kuulizia kama mkaguzi yuko njiani. Mzee Arístides mwenyewe alikuja mara moja kuuliza upande gani umelegea, akaambiwa wa kushoto, akaenda kuukaza. Walimletea chumvi, sukari, wakati mwingine jibini. Shamba hakuna aliyemletea. Fidencio alililima mwezi wa Septemba kwa ng'ombe wawili, na alipopita mbele ya nyumba alimwamkia vizuri.

Mwaka mpya ulipoingia hawakuwa na kiazi ndani. Waliuza kondoo, kisha ndoo. Mwezi wa tatu mama wa ubatizo alikuja mwenyewe kutoka Cusco, na Eulogia alijua anakuja saa mbili kabla hajafika, kwa sababu alivuka na viatu vya kisigino.

Hakuweza kumsindikiza mtoto. Siku hizo hakuweza hata kusimama muda mrefu. Nayda alimchana nywele kwa mara ya mwisho akiwa amekaa nyuma yake kitandani, akamfunga kitambaa.

"Juni nitarudi, mama. Siku ya kusokota. Nani atakuchana?"

"Ukipewa ruhusa."

"Hata nisipopewa."

Wakaondoka. Eulogia alilala chali akangoja. Kwanza vilikuja visigino, vinachoma kama sindano, vikavuka mpaka mwisho. Nyuma yake hapakuja kitu. Alidhani mtoto amekataa, amegeuka anarudi, na moyo wake ukafurahi bila kuulizwa. Halafu akasikia nyayo mbili tupu. Nayda alikuwa amevua viatu vyake vya shule, na mvua ile na baridi ile, anakanyaga kwa vidole asimuumize. Katikati alisimama. Alichuchumaa akaweka kiganja kwenye sakafu na kukipitisha juu ya kamba, kwenda chini, kwenda chini, jinsi anavyochana. Kisha akainuka akaenda. Eulogia alilia mpaka Felícitas akasikia kwake, akaja, akakaa miguuni pa kitanda bila kuuliza nani amepita.

Mwezi wa tano Fidencio alivusha viazi vya lile shamba kwenda sokoni. Eulogia alilisikia kila gunia. Alijua ni viazi vya shamba lake kwa uzito wake, ni udongo mwekundu ule, unazaa viazi vizito. Siku hiyo alimwomba Felícitas mkasi wa kukatia manyoya ya alpaka, akauweka chini ya mto.

Ikafika Juni. Siku ya kusokota wanawake walikaa ukutani, Eulogia akabaki kitandani, na Nayda hakuja. Fidencio alikuja badala yake, kofia mkononi, na majani ya koka kwenye kitambaa safi.

"Shemeji, Mzee Arístides anasema nyasi zote zimechakaa, kamba yako bado kama mpya. Mwaka huu anaomba tuweke mbili."

"Tuweke, wewe na nani?"

"Nyumba yetu."

Eulogia alitoa mkasi chini ya mto akamwonyesha. Alimwambia kesho ananyoa kichwa chote, kibaki kama yai, na nyumba yao ikatafute nywele za mwingine. Fidencio aliweka koka juu ya kigoda, akaaga kwa heshima, akatoka.

Kesho yake asubuhi wanaume walikata daraja la zamani. Eulogia alisikia shoka upande mmoja, halafu upande wa pili, halafu kuanguka, halafu baridi ya maji. Mto ulimvuta kidogo. Kisha ukamwachia.

Kichwa kikawa chepesi. Mwaka mzima hakuwahi kukaa bila mtu juu yake. Aliinuka, akafagia, akachemsha maji, akala uji bakuli zima. Alikaa mlangoni juani, mkasi mapajani, na kwa mazoea akasikiliza. Hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mbuzi, hapakuwa na mlevi, hapakuwa na njia. Nayda angeweza kuwa amefika ukingoni wakati huo huo akingoja daraja, angeweza kuwa anakuja kesho, au keshokutwa, au mwaka mwingine, akavuka, akasimama katikati akachuchumaa, na yeye mama yake asijue. Akaogopa kuliko alivyoogopa siku walipomletea Gregorio katika blanketi.

Alipeleka mkasi kwa Felícitas. Akaomba ndoo ya kuazima, kwa kuwa ndoo haikatazwi, akaenda kukaa kwenye ukuta wa kanisa peke yake, wenzake wakiwa wamemaliza jana. Alivuta, zikaja. Safari hii nusu zilikuwa nyeupe. Hapakuwa na wa kumchana, zikafungana, akazifungua kwa kucha. Pima themanini zilipotimia alimtuma Felícitas amwite Fidencio.

"Utasema ni ya nani?" Felícitas alimuuliza Fidencio, akiwa amejishika kiuno.

"Mwache abebe," Eulogia alisema.

Akabeba. Mzee Arístides akafurahi, akaziweka zote mbili katikati, na daraja likatundikwa kabla wiki haijaisha. Wageni walikuja wengi kuliko mwaka uliopita. Eulogia alilala chali, mikono juu ya kifua, akasikiliza kuanzia mtu wa kwanza. Jioni Felícitas alikuja na viazi vya moto, akauliza nani amepita, naye akamtajia mmoja mmoja bila kuruka mtu, na wote walikuwa na viatu.