Pua ya Yustina

Tangu mafua yamtoke, Yustina alikuwa hasikii harufu yoyote. Asubuhi ile kwake Tegeta alinusa kitunguu, akanusa sabuni, akamnyanyua mwanawe na kumnusa utosini. Hakuna kitu. Akazunguka jikoni, akashindwa hata kumaliza chai.

Kazi yake ilikuwa kuwaelezea wateja mvinyo katika duka la Gervas, Sinza. Gervas hakujua. Kila alipomimina, Yustina alisema maneno aliyoyakumbuka kutoka zamani.

Siku hiyo alikuja Monica, mama mwenye hoteli. Gervas akafungua chupa ya mvinyo mwekundu. Yustina akazungusha glasi, akaiinamia.

"Zambarau zilizoiva," alisema. "Karafuu kidogo. Na moshi kwa mbali."

Monica akanusa, akakunja uso. "Mdogo wangu, mie nasikia boksi lililonyeshewa."

Gervas akanusa naye. Akaiweka glasi chini polepole. "Imeharibika hii. Yustina, hukusikia?"

"Sisikii, bosi. Tangu yale mafua."

"Sasa siku zote hizi ulikuwa unawaambia nini watu?"

"Nilikuwa nakumbuka."

Gervas aligeuka, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Yustina alishaanza kuvua aproni.

"Ulimi je?" Monica aliuliza. "Nao umekufa?"

Gervas akafungua chupa nyingine. Yustina akanywa kidogo, akauacha mvinyo ukae mdomoni.

"Una ukakasi," alisema. "Kama bibo ambalo halijaiva. Fizi zinakaza. Halafu mzito, unachelewa kuondoka. Harufu siijui."

"Nzuri," Gervas alisema, pua ikiwa ndani ya glasi.

"Nzuri kama nini?"

"Kama... gari jipya."

"Tairi au kiti?"

Akanusa tena. "Kiti."

"Ngozi," Yustina alimwambia Monica.

Monica akacheka, akaagiza katoni mbili. Alipoondoka, Gervas hakucheka.

"Kesho usije hapa. Nenda kwa daktari wa pua. Na hao wateja wengine nitawapigia mwenyewe."

"Samahani, bosi. Na isiporudi?"

Gervas alimimina glasi nyingine, akainusa kwa muda mrefu, akafumba macho. Yustina alisimama pembeni yake, akiubana ukingo wa meza.

"Kuna tunda," Gervas alisema hatimaye. "Niulize."