Safari ya Aliye Eda

Jedida alikuwa amekataliwa na nyumba kumi na moja za Mambrui kabla hajapiga hodi kwa Bi Nana. Hakukosewa adabu. Alipewa maji, akaulizwa hali ya kwao Rabai, kisha akaambiwa mwenyewe hayuko. Serikali ilitaka kujua watu wa pwani husafiri vipi, ijue itengeneze barabara zipi, na fomu aliyotumwa nayo Jedida ilimuuliza kila mkaazi jana alikwenda wapi, kwa chombo gani, kwa shughuli gani. Mwaka ule wa themanini na sita, swali hilo lilikuwa zito. Mtu hamwelezi hata jirani mkewe alikwenda wapi, seuze mgeni mwenye kalamu.

Bi Nana alimkaribisha kwa kuwa hakuwa na la kuficha. Ndivyo alivyodhani, maskini.

Shekha, mjane wa mwanawe Badi, alikuwa kwenye mkeka akisikiliza. Eda yake ilikuwa mwezi wa tatu, na Bi Nana, mavyaa wake, alikuwa ameapa: akivuka kizingiti kabla ya miezi minne na siku kumi kutimia, asirudi tena nyumba ya Badi. Wanavyuoni wana ruhusa zao kwa mwenye dharura. Bi Nana hakuwa nazo.

"Huyu ni mke wa marehemu mwanangu, yuko eda," alisema Bi Nana. "Hatoki. Andika hakwenda popote."

Jedida akaandika sufuri.

Shekha aliitazama ile kalamu. Jana, Bi Nana akiwa kutwa kwenye hitima mtaa wa pili, yeye alikuwa ameletewa habari kuwa Tumu, bintiye aliyezaa na Badi, huko Malindi, ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake. Alivaa buibui, akatokea mlango wa uani. Mtoto alizaliwa, akaishi saa moja. Shekha alimwosha kwa mikono yake, na Omar, mume wa Tumu, akaenda kumzika kabla ya magharibi; Shekha akarudi Bi Nana hajatoka hitimani. Alimsihi Omar asilete habari Mambrui hadi leo adhuhuri, ili Shekha mwenyewe amwambie Bi Nana. Sasa ilikuwa saa tano na hajasema neno. Hata kulia hakuweza, kwani angesema analilia nini?

"Hiyo sufuri ifute," alisema. "Nalikwenda Malindi."

Bi Nana aliweka tasbihi chini. "Wasemaje?"

"Nalikwenda Malindi jana, mama. Nalipanda gari."

Jedida alitamani ardhi immeze. Lakini fomu ilikuwa magotini na mjane yule alikuwa anamngojea, basi akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa shughuli gani? Kazi, soko, hospitali?"

"Kumwosha mjukuu wangu."

Nje mtu alipita akiuza samaki, akaita, hakuitikiwa.

"Mwana wa Tumu?" aliuliza Bi Nana.

"Ndiye. Alikuja mapema. Aliishi saa moja."

"Mume au mke?"

"Mume. Tumu alimpa jina la babake."

Bi Nana alilitamka jina la mwanawe polepole, mara mbili. Shekha alingojea kufukuzwa. Tangu jana alikuwa ameshapanga moyoni atafungasha nini, na amjibu nini mwanamke huyu aliyemweka ndani kama mali ya urithi. Alikuwa na hasira na alikuwa na haki nayo.

"Badi wangu waliomwosha ni wanaume," alisema Bi Nana. "Mimi niliambiwa nikae chumbani. Nimemzaa, na siku ya mwisho sikumgusa hata kidole. Huyu mchanga ningemshika, Shekha. Huyu wangeniwacha nimwoshe. Mbona hukunichukua?"

Majibu yote aliyoyaweka tayari yalikuwa ya kujitetea kwa kutoka, si kwa kumwacha Bi Nana nyuma. Ndipo Shekha alipolia.