Magunia Mbele ya Tundu

Mimi ndiye niliyeyapanga. Bi Kunkel alisema yawekwe pale, mama yangu akakubali, mzee Hasselbach wa ghorofa ya tatu akavuta kiko chake na kutazama, lakini mikono iliyoyabeba ilikuwa yangu. Magunia kumi na mawili ya viazi vya majira ya baridi. Yaliletwa Jumanne, na Ijumaa zikaja ndege za mabomu.

Nyumba za mtaa wetu hapa Kassel zilikuwa zimeegemeana, ukuta kwa ukuta. Tangu mwaka wa arobaini, vita vimeshaanza, iliamriwa kila ukuta wa chumba cha chini, tunakojificha king'ora kikilia, utobolewe tundu la mtu kupita akiwa ameinama. Kisha tundu linazibwa kwa safu moja tu ya matofali, na saruji kidogo, ili lisishike sana. Nyumba ikiwaka juu yenu, mnapiga nyundo mara nne tano, matofali yanaanguka, mnaingia kwa jirani. Na kwa jirani mnaingia kwa jirani yake, mpaka mtokee barabara isiyowaka.

Sisi wa namba kumi na nne tulikuwa na matundu mawili, moja la kwenda kumi na mbili na moja la kwenda kumi na sita. Kuyaangalia ilikuwa kazi yangu. Nyundo iwe kwenye msumari wake, na mbele ya matundu pasiwe na kitu. Bi Kunkel, mkuu wa jengo letu, alinikabidhi mbele ya watu wote, akasema, "Ottilie Brandau hasemi sana lakini anaona." Nilifurahi. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeishia shule ya msingi, nafua nguo za watu, na hakuna aliyewahi kunikabidhi kitu chochote zaidi ya shuka chafu.

Ugomvi ulianza mwezi wa saba. Bomu moja liliangukia mbali, watu wa kumi na sita wakapagawa, wakabomoa tundu wakaingia kwetu wote saba, na kigari cha mtoto, na kizimba cha sungura. Aliyetangulia alikuwa Bi Sieburg, mwanamke mnene, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Mnanitolea macho ya nini? Mmeona mzuka?"

"Tumeona sungura," mama akasema, na watu wakacheka.

Lakini walipoondoka Bi Kunkel aliangalia makaa yake ya mawe akasema yamepungua ndoo mbili. Hakumwita mtu mwizi. Alisema tu, kila siku, kwenye ngazi, kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya pili. Mumewe Bi Sieburg, Ewald, ni mwashi, na wakati huo alikuwa amepelekwa mji mwingine kujenga mahandaki. Alikuja Jumapili moja, akaliziba tundu bila kumsalimia mtu.

Basi viazi vilipokuja mwezi wa kumi, Bi Kunkel akanionyesha ukuta wa akina Sieburg.

"Panga pale, Tilli. Ndiko kukavu."

"Pale kuna tundu, Bi Kunkel."

"Kwani mimi sina macho? Unataka yule mama aje tena na nyundo yake? Makaa kashayaonja, sasa afuate viazi?"

"Akija na sungura itakuwa supu kamili," mzee Hasselbach akasema.

Nilicheka nao. Na niseme lote: wiki hiyo, kwenye foleni ya mkate, Bi Sieburg alikuwa amenitania mbele ya watu kwamba kwa mwendo wangu huu wa kunyata nitaolewa na paka. Nilipokuwa nayabeba yale magunia, moja moja, kilo hamsini kila moja, nilikuwa naisikia ile foleni ikicheka. Sikuyaweka ovyo. Niliyapanga vizuri, yakabanana. Nikajiambia nitayahamisha Jumamosi, siku yangu ya kupumzika.

King'ora cha Ijumaa kilitukuta tunakula. Sitaeleza yote ya juu, maana sikuyaona. Chini taa ilizimika, chokaa ikatumwagikia, sakafu ikawa inarukaruka kama kifuniko cha sufuria. Baadaye kishindo kilipungua likaja joto. Mzee Hasselbach alipapasa mlango wa ngazi akaurudisha mkono haraka.

"Juu kumekwisha," akasema. "Tutoke kwa kumi na mbili."

Akachukua nyundo. Hapo ndipo nikasikia watu wa kumi na sita wanagonga upande wao. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya.

Nilikwenda kwenye magunia. Nikavuta la juu, likaanguka. La pili. La tatu. Nilikuwa na tochi ndogo ya kuminya kwa mkono, na nilipoliondoa la nne nikaona matofali ya juu yameshalegea na kusogea, na kichwa cha nyundo kinatokeza katikati yao. Kilitokeza, kikagonga gunia, kikarudi ndani. Kikatokeza tena. Nyuma yake palikuwa na sauti ya Bi Sieburg. Sikushika maneno.

"Tilli!" Mama alinikamata nguo mgongoni. "Tundu liko wazi huku! Njoo!"

"Bado manane, mama."

"Moshi! Huoni moshi? Njoo, mwanangu, njoo, nakuomba!"

Nilikwenda. Hakuna aliyenibeba. Niligeuka kwa miguu yangu, nikainama, nikapita kwenye lile tundu jingine ambalo mbele yake hapakuwa na kitu, maana hilo nililitunza. Tukapita kumi na mbili, kumi, nane, tukatokea karibu na mto. Sote wa kumi na nne tulitoka hai.

Jumapili nilirudi na chaki. Kila mtu alikuwa anaandika kwenye magofu ili ndugu wajue pa kumtafuta. Nikaandika kwenye kipande cha ukuta wetu: *Namba 14 wote hai. Tuko shuleni Heiligenrode.* Palipokuwa kumi na sita hapakuwa na maandishi.

Yale maandishi ndiyo yaliyomleta Ewald Sieburg. Alifika Jumatano mchana, tuko kwenye foleni ya supu uwanjani kwa ile shule ya kijiji tulikohifadhiwa, sisi tunaolala kwenye magodoro ya majani, kila mmoja na bakuli. Alikuwa ametoka kwenye magofu. Wafungwa wa vita waliokuwa wakichimba walikuwa wamewatoa watu wake mbele ya macho yake.

"Hawakuungua," alimwambia mama. "Wamekaa kwenye benchi, kama watu wanaongoja zamu kwa daktari. Hewa ya sumu ya ule moto ndiyo iliyowamaliza. Mtoto yuko kwenye kigari chake."

Mama aliweka bakuli chini.

"Mimi ndiye niliyewaua," Ewald akasema.

"Usiseme hivyo, Bwana Sieburg."

"Nilizidisha saruji. Yale maneno ya makaa yaliniuma. Nikasema, sawa, nitawazibia, tuone nani ataiba tena. Nikaongeza koleo mbili. Mwashi wa miaka thelathini! Mke wangu alikuwa na nguvu za kubomoa chochote, na hakuweza kubomoa kazi yangu."

"Ni Waingereza waliowaua," Bi Kunkel akadakia. "Basi. Kunywa supu, Bwana Sieburg."

Hakunywa. Alisema treni yake ni saa kumi, anarudi kazini mpaka Jumamosi. Bi Kunkel akanishika kiwiko akanisogeza kando ya pampu ya maji.

"Nakuona unavyomtazama. Usithubutu."

"Anajisingizia, Bi Kunkel."

"Atapona. Wanaume hupona. Wewe ukisema, unatusemea sote, na mama yako humo humo. Na watauliza, matundu yalikuwa kazi ya nani? Yangu? Nilikuambia viazi viwekwe ukutani. Kuvihamisha ilikuwa kazi ya nani?"

Hapo alisema kweli.

Nilikaa kwenye ngazi za shule bakuli likapoa. Sijui kwa nini nilikumbuka sinema. Mwanzoni mwa vita walituonyesha mji wa Wapolandi unavyowaka, umepigwa picha kutoka kwenye ndege zetu, moshi unapanda kama sufi. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Na mimi nilipiga, peremende mdomoni. Sikuwaza kwamba chini ya sufi ile kuna vyumba vya chini, na watu wanagonga.

Nikasimama. Nilimkuta Ewald barabarani, keshapita kanisa.

"Bwana Sieburg! Saruji yako ililegea."

Aligeuka. "Unasemaje, binti?"

"Matofali yalilegea. Niliona kichwa cha nyundo kimetokeza. Mkeo alibomoa."

"Sasa mbona hawakupita?"

"Mbele yake palikuwa na viazi. Magunia kumi na mawili. Niliyapanga mimi. Kazi yangu ilikuwa kupaacha wazi."

Alinitazama kama mtu anayesoma barua ya mwandiko mbaya. Nikaendelea, kwa sababu ningesimama hapo nisingeendelea tena. Nikamwambia nilitoa manne, yakabaki manane, mama akaniita, nikaenda.

"Ulipoondoka," akasema polepole, "walikuwa wameshanyamaza?"

Jibu la huruma nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, na hakuna duniani ambaye angelikanusha.

"Hapana. Walikuwa bado wanagonga."

Alivua kofia, akaipangusa vumbi kwa mkono wa koti, akaivaa. Alifanya hivyo mara mbili. Mkokoteni wa ng'ombe ulitupita, mwenyewe akatusalimia.

"Ile saruji ningeiweza," akasema. "Ningezeeka nayo. Hili unalonipa sasa nilipeleke wapi?"

Aligeuka akatazama kule shuleni.

"Na Kunkel alijua?"

"Alijua. Sote tulijua. Lakini mikono ni yangu."

"Mikono yako naiona." Kweli alikuwa anaitazama, nami nikataka kuificha nikaona ni aibu zaidi kuificha. "Jumamosi wanazikwa wote pamoja, kaburi moja la mtaa mzima. Mama yako aje akitaka. Wewe usije."

"Ndiyo, Bwana Sieburg."

Akaenda zake stesheni.

Niliporudi, Bi Kunkel aliniangalia usoni mara moja tu, akachukua blanketi lake lililokuwa karibu na langu akalipeleka upande wa pili wa darasa.  Jumamosi mama alivaa koti la kuazima akaenda maziko, pamoja na mzee Hasselbach na wengine wote wa kumi na nne. Nami nilibaki, nikachota maji pampuni, nikafua mashuka ya shule nzima mpaka waliporudi.