Sarafu Iliyolika Upande Mmoja

Baba aliitia sarafu mdomoni kabla sijamzuia.

"Fedha," alisema, akaitema kiganjani. "Tena fedha halisi. Umeitoa wapi?"

Nilikuwa nimeichimbua asubuhi ile nyuma ya karakana yangu, kwenye kiwanja kilichobomolewa nyumba. Mume wangu alikuwa akinicheka, mwanamke mzima anazungushazungusha mashine ya kutafutia vyuma kama askari wa kutegua mabomu. Wiki tatu nzima mashine ilinililia misumari na vizibo vya soda. Kisha hiki kiduara cheusi, kimelika hadi kikawa chembamba kama ganda la kitunguu.

Baba alikuwa sonara kwa miaka arobaini. Tangu macho yake yazimike, hakutaka hata kusikia habari za kazi. Mizani yake alimgawia jirani. Alishinda kitandani ameelekea ukutani, na Mama alininong'oneza jikoni kwamba mzee anatuaga kidogo kidogo. Nilimpelekea sarafu kwa sababu sikuwa na la kumwambia.

"Isogeze dirishani. Iinamishe, mwanga uipige ubavuni. Unaona nini?"

Sikuona kitu. "Kichwa cha mfalme," nikadanganya. "Na taji."

"Mwanangu, mimi ni kipofu, si mjinga. Sema unachokiona."

Niliona haya. Nikaigeuza polepole. "Mkunjo, kama sikio. Upande wa pili kuna saba, tarakimu ya mwisho ya mwaka."

"Na ukingoni, juu ya sikio?"

Palikuwa na kidoti: tundu lililozibwa. Kumbe kidole gumba chake kilikwisha kulipata. Akacheka, kicheko nilichokuwa nimeanza kukisahau.

"Sarafu ya mfukoni huchakaa kotekote. Hii imelika zaidi upande wa kichwa. Ilivaliwa shingoni, kichwa kikisuguana na ngozi, miaka na miaka. Baadaye shida ikabisha hodi, tundu likazibwa ili itumike. Na fundi aliyeziba alikuwa hodari. Mimi ningejaza lehemu mno."

"Sasa ni mfalme gani, Baba?"

"Huyo kafutika. Mwenye shingo ndiye tumempata kidogo."

Aliisugua tena kwa kidole gumba. Kisha akapaza sauti: "Mama watoto! Shati langu liko wapi?"

Kesho yake alikaa kiwanjani juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kila mashine ilipolia alinitajia kilichomo ardhini kabla sijachimba. Mara nyingi alikosea, na kila alipokosea alinilaumu mimi, kwamba napitisha mashine harakaharaka.