Mdogo Mtu Anatembea Tumboni

Umewahi kumtafuta mtu shambani ukamwona kwenye tumbo la dada yake? Fundi cherehani mmoja alikuwa anakunja upindo wa sketi ya shule alipowashwa karibu na kitovu. Akafunua blauzi. Mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, ulikuwa unatambaa taratibu, ukapinda, ukarudi. Mumewe akavaa miwani.

"Huyo ni shemeji," akasema. "Anamwagilia matuta."

Kweli. Fundi alipewa figo na mdogo wake, mkulima wa mboga bondeni, na mdogo mtu alikokwenda, mstari ulikwenda. Akishuka mtoni, nao unashuka pajani. Akipumzika unatulia, ila ulitulia mara chache mno. Nyumba nzima ikaona raha. Mama mkwe akitaka mchicha, husema, "Hebu funua, mwanangu, tujue kama yupo."

Wakacheka hivyo mpaka kitovu kilipozungukwa na madoa ya zambarau, kama mtu kapigapiga dole gumba lenye wino.

"Minyoo," daktari akasema. "Imekuja na figo. Dawa unazomeza ili mwili usiikatae figo zimeamsha minyoo hiyo. Ikisambaa, inaua. Huingilia nyayoni, kwenye udongo. Mdogo wako huvaa viatu?"

"Yule? Tangu lini!" Fundi akacheka peke yake. Utotoni ilinunuliwa jozi moja, ya kuendea shule, akavaa yeye. Mdogo mtu akabaki na jembe.

Wote wawili wakapewa dawa. Madoa yakafutika, minyoo ikafa, fundi akanenepa mashavu. Mstari ulibaki, mweupe sasa, hauwashi, ukaendelea kutembea. Daktari akautazama, akasema huo haumhusu.

Basi wakateremka bondeni kumshukuru mdogo mtu. Walibeba godoro, redio, na gauni la maua ambalo fundi alilishona mwenyewe, lenye mifuko miwili. Kwa kuwa daktari alikuwa ameonya juu ya udongo, wote walivaa mabuti. Redio ikawashwa. Mama mkwe akakata kiuno katikati ya matuta mpaka kilemba kikadondoka kwenye mchicha. Mdogo mtu naye akacheza, gauni juu ya nguo za kazi, matope yakimruka vidoleni.

Mara fundi akachungulia chini ya blauzi. Mstari ulikuwa umesimama.

"Vipi, mdogo wangu? Gauni linabana?"

"Halibani, dada. Zuri mno." Alikuwa anatazama mabuti yao, jozi baada ya jozi. "Ila mimi nilitaka viatu."