Mwenye Mtihani Haoshi Vyombo

Kwa mama yao kulikuwa na sheria moja tu isiyovunjwa: mwenye mtihani haoshi vyombo. Kitindamimba, ambaye nyumba nzima ilishaanza kumwita Mkurugenzi ingawa hajawahi kuongoza hata foleni, alikuwa ameufanya mtihani wa kuingia chuo cha biashara mara mbili. Mara zote mbili alifaulu.

"Lakini dada, ushindani ni mkali," alisema, amejilaza kwenye kochi na kitabu kifuani. "Kabla sijaomba nafasi, bora niurudie. Niongeze alama kidogo."

Dada yake, aliyeshinda amesimama duka la dawa kutwa nzima, alikuwa anasugua sufuria yenye ukoko. Maskini Mkurugenzi! Akili zilikuwa zimemjaa mpaka kichwa kikamlemea, ndiyo maana hakuweza kuinuka.

"Urudie, mdogo wangu," akamwambia kwa upole. "Alama za kutosha zisikubabaishe. Hata mimi leo nimejiandikisha kuufanya."

Akafuta mikono, akakichukua kile kitabu kifuani kwa mdogo wake, akaketi na kuanza kusoma.

Mama akaitazama sufuria. Akamtazama binti, kisha kochi. Nyumba nzima, asiye na mtihani alikuwa amebaki yeye peke yake.

"Wewe," akamgeukia Mkurugenzi, "hebu niambie, hizo alama zako zina kasoro gani?"

Maombi yalitumwa chuoni jioni ile ile. Na kwa kuwa Mkurugenzi hakuwa tena na mtihani, mama akamkabidhi dodoki.